Nani Atanitwika

Mama Brenda alisali dakika nne kabla ya chakula, na mbili kati ya hizo zilikuwa zangu.

“Bwana,” alisema, macho ameyafumba na viganja vimekutana, “wewe unawajua watoto wetu. Waepushe na haraka. Waepushe na watu wanaowadandia wakishaona wamefika mahali. Na huyu mgeni wetu wa leo, Baba, msaidie ajue mahali pake. Amina.”

“Amina,” nilijibu, kwa sauti kubwa kuliko wote mezani.

Godwin alinigusa mguu taratibu chini ya meza. Alidhani ananifariji. Mimi nilikuwa nimekwisha kusali sala yangu fupi tangu getini: Mungu wangu, nipe uvumilivu mpaka saa kumi, baada ya hapo nitajitegemea.

Ilikuwa Jumapili, mtaa wa Shirimatunda mjini, nyumbani kwa mama yake Godwin. Siku hiyo ndiyo nilitakiwa kutoa jibu. Wazee wa ukoo wake walikuwa tayari kupanda Marangu kuja kuniposa, na kilichobaki kilikuwa neno langu. Godwin aliomba nilitamke mbele ya mama yake, asije mtu baadaye akasema hakuambiwa. Nami nilikuja nalo. Nilikuwa nimelibeba tangu kwetu Marangu kama mtu aliyebeba yai: ndiyo, waje.

Tulikuwa tumejuana miaka miwili. Godwin ni mwalimu wa Jiografia, na jioni alikuwa akifundisha watu wazima pale mtaa wa Soweto, sisi tulioacha shule darasa la saba. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na kazi yangu ilikuwa, na bado ni, upagazi wa Mlima Kilimanjaro. Jioni moja alichora ubaoni ile mistari ya ramani inayoonyesha miinuko, akasema kutoka kambi ya Horombo mpaka ya Kibo mwinuko ni wa wastani. Nikanyoosha mkono. “Mwalimu,” nikamuuliza, “huo wa wastani umewahi kuupanda?” Darasa lote lilicheka. Yeye aliutazama ubao, akanitazama mimi, akafuta. Sikuwahi kumwona mwalimu akifuta kitu kwa sababu yangu. Nadhani nilimpenda pale pale, vumbi la chaki likiwa bado linaelea.

Sasa nilikuwa mezani kwa mama yake, na chakula kilikuwa ndizi kwa nyama. Sahani zao zilikuwa za kaure, zenye maua ya buluu. Yangu ilikuwa ya bati, imebanduka rangi ukingoni.

“Hizo za maua zimepungua,” alisema Mama Brenda alipoona naitazama.

Kwenye kabati la kioo nyuma ya mgongo wake zilikuwa zimepangwa nane.

“Hii inatosha, mama. Ya bati haivunjiki.”

“Ndiyo sababu nimekupa hiyo.”

Brenda, dada yake mkubwa Godwin, alikohoa ndani ya glasi ya juisi. Brenda ana duka la vipodozi mjini, na tangu nilipoingia alikuwa akizitazama kucha zangu kama daktari anayetafuta ugonjwa.

“Eti Yuditha, nasikia huko mlimani wapagazi mnalala hema moja, wanawake kwa wanaume. Ni kweli?”

“Barafu ikishuka ni kweli, dada.”

“Na mnaoga?”

“Tukirudi.”

“Baada ya siku ngapi?”

“Sita. Saba, mgeni akiwa mzito.”

Alisogeza kiti chake nyuma kidogo, kama mtu anayetafuta nafasi ya kunyoosha miguu. Godwin alinitazama kwa macho yale yake ya kuomba radhi kwa ajili ya watu wengine. Nilikuwa nayapenda macho yale. Siku hiyo nilianza kujiuliza kama yana kazi nyingine.

Tulipomaliza kula niliinuka nikaanza kukusanya vyombo.

“Acha, mdada wa kuosha yupo,” alisema Mama Brenda. Halafu akaitazama sahani yangu. “Hiyo yako peleka mwenyewe.”

Niliipeleka. Nyuma ya nyumba palikuwa na banda, zamani lilikuwa jiko la kuni, sasa linatunza mitungi ya gesi. Kando ya mlango mawe matatu makubwa, meusi kwa masizi, yalikuwa yamebebeshwa chungu cha maua kila moja. Niliosha sahani, nikaosha uso, nikasali tena, safari hii neno moja tu. Kisha nikarudi ndani kwa sababu nilijua kinachofuata, na ndicho kilichonifanya nivumilie yote yale.

Godwin alikuwa ametandaza ramani juu ya meza. Hapa inabidi nieleze jambo. Mimi mlima nimeupanda zaidi ya mara mia, na sijawahi kuupanda nikiwa na begi langu peke yake. Kila mara nimebeba hema la mtu, kiti cha mtu, choo cha kubebeka cha mtu. Usiku mmoja baada ya darasa nilimwambia Godwin kwamba kabla sijazeeka ningependa kupita kule juu siku moja bila mzigo wa mtu mwingine. Hakucheka. Alikwenda akanunua ramani. Tangu siku hiyo tulipanga safari ile kama wengine wanavyopanga nyumba: kuanzia Marangu, kuzunguka Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, kushukia Londorossi, kuvuka tambarare mpaka Meru, halafu nyanda za juu za Ngorongoro hadi chini ya Oldonyo Lengai. Kwa miguu. Tungeifanya baada ya ndoa, wawili, kila mmoja na mzigo wake mgongoni.

“Siku ishirini na mbili,” Godwin aliwaambia mama na dada yake, na uso wake uling'aa kama wa mtoto. “Mwanzo mpaka mwisho.”

“Magari yameisha?” aliuliza Mama Brenda.

“Siyo hivyo, mama. Raha yake ni kutembea.”

“Nilikusomesha ili usitembee. Baba yako alitembea. Kutoka Machame mpaka sokoni, na kahawa mgongoni, mvua ikimnyeshea. Alipokufa alikuwa hajui raha yake ni ipi.” Akanigeukia. “Na wewe unakubali mume wako abebe begi kama punda?”

“Nitakuwa naye, mama. Tutakuwa punda wawili.”

“Wewe umeshazoea.”

Brenda alikuwa amechukua karatasi zilizokuwa chini ya ramani. Godwin alizichapa shuleni, kurasa tatu, nami nilikuwa bado sijaziona. Alifungua ya pili akaanza kusoma kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisani.

“Msafiri: Godwin. Mzigo, kilo kumi na moja. Kiongozi: Filbert.” Filbert ni mjomba wangu, mwenye leseni ya kuongoza, bila kiongozi huvuki geti. “Wapagazi…” Hapo Brenda akanitupia jicho. Tabasamu lilimjia polepole. “Wapagazi: Yuditha. Mzigo, kilo ishirini.”

Nilinyoosha mkono kuelekea zile karatasi.

Mama Brenda alicheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Alicheka vizuri, kwa raha, mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge. “Sasa hapo,” alisema, “hapo mwanangu amepanga safari.”

“Nipe,” nilimwambia Brenda. Alinipa. Jina langu lilikuwa pale kwa herufi za kompyuta, nadhifu, kwenye safu ambayo nimesimama miaka tisa.

“Godwin,” nikasema.

“Ni kwa ajili ya getini tu, Yuditha. Fomu inataka kila jina liwe na mahali pake, na wewe una kitambulisho cha upagazi, kwa hiyo ni rahisi kuku…”

“Mahali pake,” nikasema. “Mama yako ameliombea hilo kabla ya chakula. Limejibiwa hata chai haijaletwa.”

“Sikuwa na maana hiyo.”

“Kilo ishirini ni maana gani?”

“Ndicho kiwango cha sheria. Mpagazi…” Alijisikia mwenyewe akilitamka, akanyamaza.

“Malizia, mwalimu. Na hizi kumi na moja ni kiwango cha sheria ipi?”

“Mgongo wangu, unaujua.”

“Naujua. Umekaa kwenye kiti tangu umalize chuo. Mgongo wangu mimi unaujua?”

Aliinamia ramani. Dada yake alikuwa akimtazama kama anayetazama tamthilia.

“Nikuulize kitu kimoja tu,” nikasema. “Asubuhi ya kwanza, tukiwa wawili, hizo kilo ishirini nani atanitwika? Maana mzigo ule mtu hajitwiki mwenyewe, lazima mwenzako akuinulie. Filbert yeye ni kiongozi, anatangulia. Wewe una mgongo. Kwenye orodha yako sijaona mtu wa kutwika.”

“Tungesaidiana.”

“Hujaandika.”

Nikageuza ukurasa, kwa sababu hasira yangu huwa inasoma mpaka mwisho. “Siku ya kwanza, getini mpaka Horombo. Ukipita kambi ya Mandara bila kulala, Godwin, Horombo utafika ukitapika. Siku ya tatu, ‘maji: Kibo.’ Kibo hakuna maji. Hajawahi kuyakuta mtu. Maji ya mwisho yanachotwa chini, yanapandishwa kichwani, ndoo kwa ndoo. Unajua na nani?” Nilirudisha ukurasa nikaweka kidole juu ya jina langu. “Na huyu.”

“Si ungemwambia mapema,” Brenda alisema. “Kumbe ulikuwa unajua yote.”

“Nilidhani naoana na mwalimu, dada. Sikujua nimeajiriwa.”

Niliikunja karatasi hiyo mara nne nikaiweka kifuani. Kisha nikamgeukia mama yake, maana jibu langu lilikuwa lake pia.

“Mama, nilikuja kusema wazee waje. Sasa sisemi. Jumamosi, Godwin atapanda kwetu kutoka Himo kwa miguu, kilo ishirini kichwani. Kichwani, siyo mgongoni. Mzigo utaufunga wewe, kitu chochote unachotaka. Na wewe Godwin hutaufungua. Mpagazi hafungui mzigo wa mgeni, hata akisikia kuna kitu kinalia ndani. Ukifika, nitakupa jibu. Usipofika, nalo nitakuwa nimekupa.”

“Ana darasa Jumamosi,” alisema Mama Brenda.

“Basi akafundishe.”

Nilimuaga mama yake kwa adabu zote, asante na baki salama. Mlangoni alinisindikiza na maneno ya mwisho, kwa upole, kama mtu anayempa mgeni mwavuli. “Mzigo nitaufunga, binti. Usiwe na wasiwasi.”

Juma lile nilisali rozari kila jioni nikiwa nimekaa kwenye kigoda, mama yangu akikamua ng'ombe. Jumatatu niliomba asije. Jumatano niliomba aje. Ijumaa niliomba aje halafu aanguke mahali pa wazi, asiumie. Nadhani mbinguni walichoka na mimi.

“Unamdharau?” aliuliza mama.

“Ndiyo.”

“Unamtaka?”

“Ndiyo.”

“Basi hakuna jipya,” alisema, akaendelea kukamua.

Jumamosi alikuja. Kabla hajafika yeye zilifika habari zake. Yuditha, mwalimu wako yuko Kilema njia panda, amekaa mtaroni. Yuditha, mwalimu wako wanawake wa sokoni wamemuuliza anauza nini. Yuditha, wapagazi wa zamu wamemkuta hapo Mtoni, wamemsalimia mgumu, yeye amejibu shikamoo. Huko mlimani wapagazi tunaitana wagumu, na hilo alikuwa halijui. Kila aliyeleta habari alikuwa anacheka. Nami nilicheka nao, halafu nikaingia jikoni nikashika kingo za meza.

Saa tisa kasoro alisimama kwenye njia ya migomba mbele ya nyumba yetu. Gunia lilikuwa kichwani, limefungwa kwa kamba ya katani. Chini yake alikuwa ameweka kata ya majani makavu ya mgomba. Sijui nani alimhurumia njiani akamsokotea. Shati lilikuwa limegandana na mwili. Shingo ilikuwa imeingia mabegani kama ya kobe.

“Shikamoo, mama,” alisema, bila kuweza kuinama.

“Marahaba,” mama alijibu kutoka kwenye kigoda chake. “Wewe ni mgeni au ni mzigo?”

“Sijui, mama.” Alinitafuta kwa macho, kwa sababu kichwa hakikuweza kugeuka. “Yuditha. Nitue.”

Nilikuwa hatua tano kutoka kwake. Sikusogea.

“Umetembea kwa saa ngapi?”

“Sita. Nitue, tafadhali.”

“Ni wangapi waliokucheka?”

“Sikuhesabu. Wanafunzi wangu wawili. Mmoja alinipiga picha.”

“Na ulifikiria nini?”

 Jasho lilikuwa likimtiririka kwenye pua na hakuwa na mkono wa kulifuta. “Mwanzoni nilifikiria jinsi ya kukuambia kwamba umenidhalilisha,” alisema. “Mpaka Kilema nilikuwa na maneno mazuri sana. Baada ya Kilema nilikuwa nafikiria shingo. Shingo tu.” Akavuta pumzi. “Halafu hapo chini kwenye kile kilima, nilifikiria kwamba miaka miwili nimekushika mkono, na sijawahi kukuuliza kama shingo inakuuma.”

Mama aliinuka kwenye kigoda chake, akaingia ndani, akajifanya ana kazi.

 “Inaniuma,” nikasema. “Upande wa kushoto. Mvua ikitaka kunyesha.”

Nilimtua. Ni kazi ya kusimama karibu: unaweka mikono yako kando ya mikono ya mwenzako, kifua kwa kifua, unapokea uzito, na mara moja uso wake unakuwa huru. Ule uso ulikuwa inchi mbili kutoka wangu. Ulikuwa mchafu, umechoka, na hauombi radhi kwa ajili ya mtu mwingine yeyote. Niligeuza macho haraka.

Gunia tulilitundika kwenye mizani ya kahawa pale uani. Sindano ilikwenda, ikapita ishirini, ikatulia.

“Ishirini na tatu,” nikasema. “Ungekuwa na haki ya kukataa. Hukupima?”

“Ulisema mpagazi hafungui.”

“Hafungui. Kupima anapima. Hata mjinga anapima.”

Alifumba macho. “Kilo tatu,” alisema taratibu. “Kutoka Himo.”

“Ndivyo tunavyojifunza. Kaa hapo.”

Nilikata kamba. Juu kabisa palikuwa na kitu kilichofungwa kwa gazeti, kitu chepesi. Nilifungua nikakuta sahani ya bati, iliyobanduka rangi ukingoni. Na kijiko. Na kikombe cha plastiki nilichonywea maji. Mama Brenda alikuwa amekusanya kila kilichogusa mdomo wangu akanirudishia, kichwani mwa mwanawe.

Godwin aliiona. Alijaribu kusimama, akashindwa. “Mama hawezi,” alisema. “Yuditha, naapa sikujua.”

“Nyamaza. Mzigo haujaisha.”

Nilishusha gunia likaanguka wazi. Ndani, yakiwa yamezungushiwa matambara, yalikuwa mawe matatu makubwa, meusi kwa masizi. Yale yale ya nyuma ya nyumba. Mama Brenda alitafuta kitu kizito cha kumwadhibu mtoto na kunitukana mimi, na hasira ikamwonyesha kilichokuwa karibu. Akaondoa vyungu vya maua, akafunga.

Mama yangu alitoka ndani akasimama juu ya yale mawe. Aliinama, akapitisha kidole, akautazama weusi kwenye ncha ya kidole.

“Haya ni ya nani?”

“Ni mafiga ya bibi,” alisema Godwin kwa sauti ndogo. “Mama yake baba. Alihama nayo kutoka Machame. Alipofariki ndiyo mama akapikia, mpaka gesi ilipokuja.”

“Na mama yako ameyafunga mwenyewe? Kwa mikono yake, kumletea Yuditha?”

“Ndiyo, mama.”

Mama alianza kucheka chini chini, mabega yakimtikisika. “Mwanamume akioa, watu wanasema amepata jiko,” alisema. “Mimi nina miaka sitini na tatu. Sijawahi kuliona likiletwa kabla ya posa. Tena limetoka kwa mama mkwe, tena juu ya kichwa cha muoaji mwenyewe.” Alijifuta macho. “Yule mama ana akili, au hana kabisa?”

Nilitazama yale mawe, nikatazama ile sahani. Nilikuwa nimeona matusi. Sasa sikuweza tena kuona tusi peke yake. Ee Mungu, nilisema moyoni, na wewe una utani wako.

“Nipe simu yako,” nikamwambia Godwin.

Mama Brenda alipokea kabla haijaita mara mbili. “Umeona?” alisema. “Umeona ulivyojifanya kituko? Shingo inasemaje?”

“Shikamoo, mama. Ni Yuditha.”

Sauti yake ilishuka. “Marahaba. Umepata sahani yako?”

“Nimeipata. Aika mae, asante. Na jiko nalo limefika.”

“Jiko gani?”

“Mafiga yako matatu. Mama yangu ameyapokea. Ameshangaa sana, anasema hajawahi kuona ukwe wenye heshima namna hii, mama kutoa jiko la nyumba yake kabla hata ya wazee kufika.”

Kulikuwa na televisheni upande wa pili wa simu. Nilisikia ikizimwa.

“Yale ni mawe ya maua,” alisema.

“Ndivyo ulivyoyaweka wewe, mama.”

“Yuditha, nirudishie mawe yangu.”

“Nayarudishaje? Aliyeyaleta amekaa chini na hawezi kusimama. Na mimi kwa sasa sijaajiriwa.”

 Nilimsikia akipumua, na kwa mara ya kwanza nilimfikiria akiwa peke yake katika nyumba ile yenye vigae, na nyuma ya nyumba pakiwa na alama tatu tupu ardhini. Sikumwonea huruma sana. Kidogo tu.

“Waambie wazee waje wayachukue,” nikasema. “Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Na pombe yao ya mbege. Mama atawapikia juu ya hayo hayo.”

Godwin aliinua kichwa, shingo na maumivu yake yote.

“Wazee,” alisema Mama Brenda. Kisha, kwa sauti ya mtu anayehakikisha anabaki na kitu: “Mimi huko siwezi kula kwenye bati.”

“Usijali. Ya bati hapa ni moja tu, mama, na hiyo ni yangu.”

Alikata simu bila kuaga. Lakini hakusema wasije.

Nilimrudishia Godwin simu yake. Nikaitoa ile karatasi, iliyokunjwa mara nne na kulowa jasho la juma zima, nikamtupia mapajani pamoja na kalamu.

“Andika upya. Sitaki kompyuta, tumia mkono.”

Aliandika juu ya goti lake, na herufi zilikuwa mbaya kwa sababu vidole havikuwa vimerudi. Wasafiri: Yuditha, Godwin. Kalamu ilisimama.

“Wapagazi?” aliuliza.

“Majina hayo hayo.”

“Kilo ngapi?”

“Kumi na sita mimi. Kumi na sita wewe.”

“Na mgongo?”

“Utazoea au utakatika. Siku ya kwanza tunalala Mandara. Maji ya Kibo utabeba wewe.”

Aliandika yote, hata maji. Halafu, bila kuambiwa, akaongeza mstari chini kabisa, akaficha kwa kiganja, na nilipomwondoa mkono nikasoma: kutwika, kila asubuhi, kwa zamu.

Nilikuwa na la kusema kuhusu mwandiko ule. Nilikuwa nalo hata mdomoni.

“Inuka,” nikasema badala yake. “Mama anataka mafiga yake jikoni kabla ya mvua.”

Alisimama kwa awamu, mkono kwenye mti wa kahawa, halafu mkono kwenye bega langu. Nilimwekea kata, nikamtwika figa la kwanza. Aliporudi kutoka jikoni yeye akainama, akalitazama la pili kama adui wa zamani, akalikumbatia, akaniinulia. Masizi yalimpaka shavuni. Aliliweka vibaya, limeegemea upande wangu wa kushoto, ule unaouma, hivyo hivyo asivyotakiwa kuweka mtu yeyote anayejua kazi.

Sikulirekebisha. Nililibeba hivyo mpaka jikoni.